Jinzi, Kaniki na Majimoto: Siku Sita Unguja na Pemba

Nimerudi Temeke, hii ni wiki ya pili, na chumba bado kinanukia karafuu. Daftari la safari lililowa maji ya samaki njiani (nitafika huko), kwa hiyo kurasa nyingine nimezisoma kwa kubahatisha na nyingine nimezifufua kwa picha za simu. Bei ninazotaja ni zile nilizolipa mimi. Si hodari wa kuvutana bei, huenda wewe ukalipa pungufu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi cherehani na maradhi yangu ni jinzi kongwe. Sisemi jinzi iliyochakaa tu, hizo zimejaa. Nasema zile zilizoshonwa miaka ya sitini, sabini, mwanzoni mwa themanini, pamba tupu, kabla mtu hajaona haja ya suruali kunyumbuka kama soksi. Mitumba yetu mingi inatoka Marekani na Ulaya, kwa hiyo ndani ya belo moja inaweza kulala suruali ambayo mkusanyaji wa Tokyo angeuza pikipiki yake aipate. Sisi tunaikata kaptula.

Safari ilianza na picha. Jamaa yangu aliyeko Wete alinitumia mfuko wa nyuma wa suruali moja sokoni kwao, na pembeni ya mfuko kile kilebo chekundu kimeandikwa LEVI'S, herufi zote kubwa. Levi's ni kampuni ya jinzi ya Marekani; kilebo hicho walianza kukishona mwaka 1936, na hadi 1971 herufi E ilikuwa kubwa. Baada ya hapo ikawa ndogo. Kwa hiyo E kubwa ni cheti cha kuzaliwa. Au ndivyo nilivyojiambia usiku ule nikihesabu nauli.

Siku ya 1, Jumatano: Dar hadi Unguja

Boti ya asubuhi, nauli 30,000. Bahari ilitulia, hakuna cha kusimulia isipokuwa mama mmoja wa Kipemba aliyeketi karibu yangu na kapu la mkate wa ufuta. Alinimegea kipande kabla hajaniuliza jina. Nilipomwambia nakwenda Pemba kutafuta suruali, alinitazama kwanza kuona kama namtania.

"Suruali? Bara hakuna suruali, mwanangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa subira ya mtu aliyelea watoto wengi, kisha akasema: "Haya. Ila Pemba, peremba. Ukija na winda hutoka na kilemba, ukija na kilemba hutoka na winda." (Winda ni kitambaa cha kujifunga kiunoni.) Nilikuwa nausikia msemo huo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuambiwa mimi, usoni, nikiwa nimevaa jinzi yangu nzuri kuliko zote.

Nililala gesti ya Mlandege, 40,000 pamoja na chai. Jioni urojo wenye bajia na kachori, 3,000, nimesimama.

Kwa atakayefuata: beba kitambulisho, bila hicho tiketi ya boti ni maneno. Na kama unakwenda kutafuta nguo, beba kioo kidogo cha kukuzia, kile cha kusomea maandishi madogo. Changu nilikinunua Kariakoo kwa 5,000, na hakuna kilichonifaa zaidi safari nzima.

Siku ya 2, Alhamisi: Mwanakwerekwe na Mtaa wa Mchangani

Daladala ya Mwanakwerekwe, 600, nimekaa ubavuni mwa gunia la mbatata. Nilifika wakati kijana mmoja anakata kamba za belo. Wanaojua wanajua: dakika kumi za mwanzo ndizo soko, zinazobaki ni kuchagua mabaki. Tulikuwa watu sita au saba tumelizunguka kama kuku kwenye pumba, wote wakitazama lebo. Mimi nilikuwa nafumba macho na kupapasa, hadi muuza akaniuliza, "Sheikh, wewe huoni?"

Naona. Ila lebo inadanganya na kitambaa hakidanganyi. Ngoja nieleze hapa, maana ndilo swali ninaloulizwa kila siku.

Kitambaa chochote kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili. Mtande ni zile zinazotandazwa kwa urefu kabla kazi haijaanza. Mshindio ni uzi unaokuja kuzikingama. Kwenye kanga au shuka, mshindio hupita juu ya uzi mmoja, chini ya mmoja, basi. Kwenye jinzi ya kawaida hupita chini ya nyuzi tatu za mtande ndipo uruke juu ya mmoja, na safu inayofuata huanza hatua moja pembeni. Ndiyo maana ukiikaribia jinzi unaona vijistari vya mshazari. Mtande umetiwa nili, mshindio umeachwa mweupe. Nje inatawala buluu, ndani unatawala weupe. Ufumaji huo ndio twili.

Ishike suruali mbele yako, kiuno juu. Vijistari vikipanda kuelekea kulia, hiyo ni twili ya kulia. Levi's wameishikilia tangu zamani. Vikipanda kushoto, ni twili ya kushoto, na Lee, kampuni nyingine ya Marekani, ndio waliojulikana nayo. Kwa mkono wa mzoefu ile ya kushoto huwa laini zaidi ikishafuliwa miaka, na kufifia kwake hushuka mistari mirefu ya wima, kama maji ya mvua ukutani. Nilichokuwa nakipapasa ni hicho. Nikakitoa: Lee, mfuko mmoja umetoboka, goti limechanika, lebo ya kiunoni haipo kabisa. Si ya kale sana, ila pamba tupu na ina uzito wa maana. 12,000. Jirani yangu aliyepata suruali mpya yenye kung'aa kwa bei hiyohiyo alinionea huruma waziwazi.

Mchana nikaenda Mtaa wa Mchangani, ambako maduka ya vitambaa yamebanana hadi kanga zinapakana mlangoni. Nilitaka kaniki. Mwenye duka, mzee wa kofia ya viua iliyopauka, hakuishusha kutoka rafuni. Alinitazama usoni kwa upole kwanza.

"Una mgonjwa nyumbani?"

Sikuelewa. Kijana wake akacheka. "Mzee anauliza kama umetumwa na mganga." Kumbe wanaonunua kaniki siku hizi wengi wana orodha mkononi: kaniki, kitambaa cheupe, kitambaa chekundu, ubani na udi. Nikasema hapana, mimi ni fundi, naitaka nikailinganishe na jinzi. Mzee akavuta stuli. "Kaa, basi."

Tulikaa saa nzima, na chai ya tangawizi ikaja bila kuagizwa. Aliniambia babu yake hakuwa anasema jinzi. Kitambaa kigumu cha buluu aliita dangirizi, na mabaharia na makuli ndio waliokivaa. Neno hilo limetoka mbali: chanzo chake ni Dongri, mtaa wa Mumbai (Bombay ya zamani), ambako kitambaa kizito cha pamba kilipatikana kwa bei ya chini. Wamarekani walilichukua kwa njia ya Waingereza, sisi tukalipokea moja kwa moja kwa majahazi. Na kaniki ina hadithi inayofanana. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, konseli wao akafika Unguja 1837, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha hapa pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Ndiyo merikani, jina limebaki hadi leo. Ilipotiwa nili ikaitwa kaniki, nguo ya watumwa na ya watu wa shamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaziba pengo.

Yaani pamba ya Marekani na nili zilikutana kwenye kitambaa cha buluu cha mtu wa kazi hapahapa Unguja, miaka kadhaa kabla Jacob Davis na Levi Strauss hawajapata hataza ya kupigilia ribiti, vile vijimisumari vya kukazia, kwenye mifuko ya suruali, tarehe 20 Mei 1873. Nilipomwambia mzee hilo alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayeambiwa jua linatoka mashariki.

Tukazilaza pamoja mezani, kaniki yake na Lee yangu. Nikampa kioo. Kaniki imefumwa moja juu, moja chini, ikatiwa rangi baada ya kufumwa, kwa hiyo mbele na nyuma ni giza lilelile. Jinzi, nyuzi za mtande zilitiwa rangi kwanza. Nikachomoa uzi mmoja kwenye goti lililochanika nikaukata kwa wembe: nje buluu, moyoni mweupe kama wali. Nili haizami. Uzi huchovywa kwenye pipa, ukitoka una rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, hewa ikiupiga unageuka buluu mbele ya macho yako, kisha unachovywa tena, na tena. Rangi inakaa kama ganda. Kila unapokaa, unapopiga goti, unapotia simu mfukoni, ganda linabanduka kidogo. Mzee aliangalia uzi ule muda mrefu, akaukunja kwenye karatasi na kuutia mfukoni mwa kanzu yake. Kaniki aliniuzia doti kwa 9,000, na chai akakataa kulipwa.

Siku ya 3, Ijumaa: siku ya kungoja

Boti ya Pemba ilitangazwa saa tano asubuhi. Ikasogezwa hadi baada ya Sala ya Ijumaa, kisha hadi saa kumi, na kila tulipouliza tuliambiwa "inakuja". Tiketi 35,000. Usipange jambo lolote la maana Pemba siku ileile unayosafiri. Huo ndio ushauri wangu wote kuhusu boti hizo.

Nilipoingia niliweka begi chini, penye nafasi. Kosa. Mbele yangu kulikuwa na ndoo ya samaki imefunikwa kwa mfuko wa nailoni, na tulipoingia mkondo wa Nungwi, boti ikaanza kupanda na kushuka. Watu wakanyamaza. Wengi wetu tulikumbuka Septemba 2011, meli ya Spice Islander na waliobaki humo baharini. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, na sauti ile ndiyo iliyotufikisha, mimi naamini hivyo. Ndoo haikufika salama. Begi langu lilikunywa maji yote: daftari, suruali yangu ya akiba, ile Lee. Mwenye ndoo aliomba radhi hadi nikaona aibu mimi.

Mkoani tulishuka usiku. Nyumba ya wageni ilijaa, na utingo wa gari moja akanichukua kwao, akanitandikia jamvi ukumbini na mto wake mwenyewe. Mama yake alinipa wali na mchuzi wa papa saa tano ya usiku. Asubuhi nilipotaka kutoa chochote aliudhika kweli.

Siku ya 4, Jumamosi: Mkoani, Chake, Wete

Gari namba 603 hadi Chake Chake, 2,500. Barabara ya milima milima, na kuanzia nusu ya njia harufu inaingia dirishani: karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa lami, na mahali pengine juu ya lami kabisa, madereva wanapinda kuzikwepa na hakuna anayepiga honi. Chake nilikunywa chai, nikatoa pesa (fanya hivyo hapo, usingoje Wete), nikapanda 606.

Jamaa yangu alinipokea na halua. Nasema neno moja tu kuhusu halua ya Wete: nilinunua kilo mbili na haikufika Dar.

Kisha sokoni. Muuza alikuwa kijana mpole, ametundika jinzi kama hamsini kwenye kamba kati ya minazi miwili, na ile ya picha ameiweka peke yake ndani ya mfuko. Alitaka 80,000, maana jamaa yangu alishamwambia kuna mtu anatoka bara kwa ajili yake. (Usiwahi kufanya hivyo. Usiwahi.)

Niliishika, na kabla sijatazama chochote mkono ukajua. Nilivuta kitambaa kwa upana kikanifuata, nikakiachia kikarudi. Kinanyumbuka. Jinzi kongwe ya pamba tupu hainyumbuki. Nikakunja pindo la mguu kutazama mshono wa ubavuni. Zamani kitambaa kilifumwa kwa mitambo ambayo chombo cha uzi kilikwenda na kurudi bila uzi kukatwa, kwa hiyo kingo ilijifunga yenyewe. Upana wa kitambaa haukuzidi inchi thelathini hivi, na fundi alitumia kila inchi, kingo ikaja kuangukia kwenye mshono wa nje wa mguu. Kiwanda cha White Oak cha Cone Mills, huko Greensboro, North Carolina, kilichofunguliwa 1905 na kufungwa 2017, kiliwafumia Levi's kitambaa chenye uzi mwekundu kwenye kingo. Ukikunja 501 ya zamani, mtindo maarufu wa Levi's, ukaona kingo nyeupe mbili zenye mstari mwekundu, keti kwanza, upate pumzi. Hapa palikuwa na mshono wa ovaloku, yaani kingo imekatwa ikafungwa kwa mashine. Kiunoni, kwa ndani, lebo ya maelekezo ya kufua kwa lugha nne. Lebo za namna hiyo zilianza kuwekwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Na kilebo? Nilikitia kioo. Kilebo ni cha kweli, chekundu kilichofifia kikawa rangi ya tofali. Ila kilishikizwa kwa uzi mpya wa nailoni, na pembeni mwa mfuko kulikuwa na matundu ya sindano yaliyobaki wazi, mahali kilebo kingine kilipotolewa.

Kijana hakuwa tapeli. Yeye alishangaa kuliko mimi. Akanipeleka kwa fundi wa jirani, ambaye bila hata kuona haya akafungua kopo la maziwa ya unga: vilebo, vifungo, ribiti, zipu, vyote vimechomolewa kwenye nguo zilizokufa. "Mtu anaipenda nguo yenye alama," alisema. "Mimi namtilia alama." Suruali iliyozaa kile kilebo? Ilikuwa imeoza kiunoni, akaikata mapande akauzia watu wa gereji wafutie grisi. Aliyasema hayo huku akinimiminia kahawa.

Kwenye kopo nilipata kifungo kimoja cha shaba kilichochongwa 524 kwa nyuma. Namba hizo ni alama ya kiwanda kilichoshona. 1,000. Ndicho kitu pekee nilichonunua Wete, mbali na halua, na huyo fundi ndiye aliyeniambia la maana kuliko yote: "Ukitaka nguo kongwe, yakhe, usije sokoni. Nenda mikarafuuni. Kule nguo haitupwi."

Siku ya 5, Jumapili: Mtambwe

Mwalimu mmoja anayefundisha huko alinipakia kwenye vespa yake, akakataa hela ya mafuta, akakubali nusu kilo ya halua. Njia ya udongo mwekundu, kupanda na kushuka, na kwenye kila ua watu wamekaa kitako wanachambua: karafuu huku, makonyo kule, vidole vinakwenda vyenyewe na mazungumzo yanaendelea.

Tulimkuta yule tuliyeelekezwa akiwa juu ya mti. Miguu ndiyo iliyotangulia kushuka, na mimi nikasahau salamu. Jinzi ya buluu iliyokufa vizuri. Kwa ndani ya mapaja ilikuwa nyeupe kabisa, kuanzia msambani hadi chini ya goti, mahali miguu inapokumbatia shina. Nyuma, mahali sisi wengine tunapochakaza kwa kukaa, ilikuwa bado buluu ya kutosha. Sijawahi kuona kufifia kwa namna hiyo, si kwenye mwili wa mtu, si kwenye picha. Na chini, juu kidogo ya kifundo cha mguu, palikuwa na pete ya buluu iliyokolea, upana wa vidole viwili, kama jinzi ilinunuliwa jana mahali hapo tu.

"Pete hiyo ni nini, ami?"

Alichomoa kamba ya usumba mfukoni akaifunga mguuni, ikaketi juu ya pete sawasawa. "Majimoto," alisema.

Aliyepanda mkarafuu anawajua: wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa utando wakafanya viota, na ukigusa kiota wanakuingia kwa mamia. Kitambaa chepesi wanakiuma wakakipita. Jinzi hii, alisema, hawaipiti, bora miguu ifungwe. Alikuwa anaipandia tangu kaka yake, baharia, alipomletea kutoka melini, na bintiye wa kwanza alikuwa bado hajazaliwa. Bintiye ndiye aliyetuletea chai na mihogo ya nazi, akiwa amempakata mtoto wa pili.

Nikaomba kuitazama. Mifuko ya nyuma ilikuwa na matundu ya W, uzi wenyewe umekwisha. Vishikio vya mkanda saba. Wrangler, kampuni nyingine ya jinzi ya Marekani, na lebo ya ndani bado inasomeka: mtindo 13MWZ, pamba asilimia mia, imeshonwa Marekani. Kisha kioo. Vijistari vilipanda kidogo kulia, vikakatika, vikapanda kushoto, vikakatika tena, kama mifupa ya ubavu wa samaki. Hiyo inaitwa twili iliyovunjwa, na Wrangler waliichukua kwa suruali hii mwaka 1964. Twili ya kawaida inavuta upande mmoja. Ndiyo maana jinzi nyingi zikifuliwa mguu hujipinda na mshono wa ubavuni ukaja mbele ya goti. Ukiivunja twili, upande mmoja unavutana na mwenziwe na mguu unabaki wima. Mshono wa ami, baada ya miaka yote hiyo ya kupanda na kufuliwa mtoni, ulikuwa ubavuni palepale.

Alikipenda kioo. Akakigeuzia kwenye karafuu, kwenye ukucha wake, kisha kwenye suruali yangu mimi. Akaishika kwa dole gumba na kidole cha shahada, akaivuta. Haikumfuata.

"Hii nayo nzito."

Ni nzito. Wakia 14 kwa yadi ya mraba. Niliishona mwenyewe, mshono wa mnyororo kwenye pindo, miaka mitatu naivaa. Nilipotoa 50,000 kwa suruali yake aliirudisha hewani kwa mkono. "Hela yako nzuri, mwanangu, lakini kesho nipande na nini? Na msuli?" Watu wote uani wakacheka, na bibi aliyekuwa anachambua karafuu akasema bila kuinua macho, "Nguo kwa nguo."

Nilifikiri kwa muda ambao mwalimu ameniambia baadaye ulikuwa mrefu mno. Suruali yangu ya akiba ilikuwa Wete, kambani, inanuka changu, na haijakauka. Nikaingia ndani ya nyumba na jinzi, nikatoka na msuli ambao ami alinipa, wa kijani, umefifia kwenye mikunjo. Bibi akanifungia konzi tatu za karafuu kwenye gazeti.

Siku ya 6, Jumatatu: kurudi

Wete hadi Unguja, safari hii kwa wakati. Asubuhi yake Dar. Suruali ya akiba ilikauka na harufu yake, kwa hiyo nilisafiri na msuli njia nzima, na ni vazi zuri la baharini, msinicheke. Bandarini Dar waliuliza nimebeba nguo ngapi. Ukija na furushi la mitumba kutoka visiwani utarajie maswali ya kodi; suruali tatu na doti ya kaniki hazikumsumbua mtu, ingawa ofisa aliinusa ile Lee akanirudishia haraka.

Hesabu yote, boti, magari, kulala, kula na kununua, imekaribia 330,000, na halua sijaihesabu.

Ile Wrangler niliilaza kwenye ndoo ya maji baridi bila sabuni, imegeuzwa ndani nje. Baada ya nusu saa maji hayakuwa ya buluu, yalikuwa ya rangi ya chai, na juu yake yakaelea makonyo manne na majimoto mmoja, mkavu, mzima, miguu yote sita. Nimemtia kwenye kibweta pamoja na kile kifungo.

Juzi nilimpigia mwalimu anipe ami. Nilimuuliza suruali inamfaaje. Akasema majimoto hawajaingia, ila kiuno kikubwa, kwa hiyo amekaza kamba na huko nako.